Nakala ya Talaka Kabla ya Ijumaa

Msajili wa ndoa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya aliisoma fomu mpaka mwisho, akairudia, kisha akavua miwani.

"Hapa mmeandika nyote wawili mmetalikiwa."

"Ndiyo," alisema Bertha.

"Wewe mama ulitalikiwa na nani?"

"Na huyu."

"Na wewe mzee?"

"Na huyu huyu," alisema Rafaeli, macho yake kwenye feni.

Msajili, ambaye jina lake lilikuwa Lucas, aligeuka kumtazama binti aliyekuwa akigonga mihuri kwenye meza ya pili. Binti akafungua droo, akainamisha uso ndani yake kama anayetafuta kitu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kwenye benchi la ukutani wachumba wengine waliokuwa wakisubiri zamu yao walinyamaza wote kwa pamoja ili wasikose neno.

"Kwa hiyo Ijumaa kila mmoja wenu anaoana na aliyemwacha."

"Tulisharudiana zamani," alisema Rafaeli. "Tunaishi Mabawa. Tuna binti anaolewa Jumamosi."

"Mimi sijakataa. Tangazo lenu limebandikwa pale nje, muda wake umetimia, hakuna aliyeleta pingamizi. Ijumaa saa nne njooni niwafungishe. Ila mtu aliyetalikiwa hafungi ndoa kwangu bila nakala ya talaka yenye muhuri wa mahakama. Mliandikiwa hapa chini muilete. Iko wapi?"

Bertha akamgeukia mumewe. Rafaeli akamgeukia mkewe.

"Si unayo wewe?" alisema Rafaeli.

"Mimi? Nitoe wapi?"

"Aliyenipeleka mahakamani ni nani? Mwenye kesi ndiye mwenye karatasi."

"Na mwenye kuachwa ndiye anayetaka ushahidi. Mimi nilijua umeichukua ukaificha, kama kawaida yako ya kuficha."

"Mama, mzee," alisema Lucas, "leo ni Jumatano. Mkiendelea hivi hapa mezani pangu nitawaandikia talaka nyingine mimi mwenyewe, ingawa sina mamlaka hayo."

Benchi zima likacheka. Bertha akakusanya fomu, picha ndogo na nakala za vyeti vya kuzaliwa, akavipanga kwenye bahasha kwa utaratibu, akatoka wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani, na hakupenda kuonekana na kazi iliyofumuka.

Nyumbani Mabawa kulikuwa kumechangamka. Turubai lilishafungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye nguzo ya jirani, wanawake walikuwa wakimenya vitunguu saumu, na redio ya mtu ilikuwa inapambana na redio ya mtu mwingine. Tabea, dada mkubwa wa Rafaeli, alikuwa amefika kutoka Muheza na mzigo wa ndizi, kuku, na gauni la zambarau ambalo hakuruhusu mtu alishike kwa mikono yenye vitunguu.

Gauni hilo lilikuwa na sababu. Precious, bibi harusi, aliomba aingizwe kanisani na baba na mama yake, wamshike mmoja huku na mmoja huku, kisha washiriki naye Chakula cha Bwana pamoja na bwana harusi, Bryson. Lilikuwa ombi la kawaida, na kwa binti mwingine yeyote wa usharika ule lisingejadiliwa. Lakini tangu Bertha arudiane na Rafaeli baada ya talaka, alikuwa hajakaribia meza ya Bwana. Alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, akamweleza kwamba anaishi na mwanamume ambaye mahakama ilishamtenganisha naye, na mchungaji akamwambia alichotarajia kuambiwa. Kuanzia siku hiyo alikaa safu ya nyuma, na wenzake walipoinuka kwenda mbele yeye alibaki na pochi magotini, akipisha magoti ya watu. Rafaeli alitatua tatizo lake kwa njia nyepesi zaidi: alikuwa mlinzi wa shule moja kule Raskazone, na zamu zake nyingi zikaangukia Jumapili.

Safari hii mchungaji aliwapa njia. Wafunge ndoa bomani Ijumaa asubuhi, jioni atawabariki, Jumamosi waingie mbele na binti yao. Vinginevyo watakaa na wageni, na Precious ataingizwa na shangazi yake. Ndiyo maana ya gauni la zambarau.

"Mmepata?" Tabea aliuliza kabla hawajavua viatu.

"Wanataka nakala ya talaka," alisema Rafaeli.

"Mna talaka mbovu basi, haina hata karatasi." Tabea akacheka, na waliokuwa wakimenya vitunguu wakacheka naye. "Msijali, wifi. Mkikosa, mimi nipo. Nimeshona kwa tahadhari."

Precious, aliyekuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa pindo, alishuka. "Mama, itapatikana?"

"Itapatikana."

"Usiseme tu itapatikana. Nitaambiwa na Bryson nimuulize tena mchungaji, na mimi sitaki kumuuliza tena."

Rafaeli alimvuta mkewe chumbani, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini. "Cheti chetu cha zamani kipo sandukuni. Cha kanisani, kina sahihi ya mchungaji wa wakati ule na muhuri. Tukipeleke, tuseme talaka ilikuwa maneno ya watu. Nani atafuata kesi ya kwenye mashamba ya mkonge?"

"Nimwambie mchungaji nilikuwa namtania miaka yote?"

"Mwambie ulikosea."

"Baba Precious, hakimu alisoma mbele yangu. Ndoa imevunjika. Cheti cha ndoa iliyovunjwa na mahakama ni karatasi ya kufungia vitumbua. Siendi kupiga magoti na karatasi ya vitumbua."

"Basi kesho twende huko huko," alisema Rafaeli. "Niombee ruhusa kwa simu wewe. Mimi nikiomba mkuu wa zamu anadhani naongopa."

Waliondoka alfajiri kwa basi la Pangani, wakavuka mto kwa pantoni pamoja na lori la saruji na mbuzi waliofungwa miguu, kisha wakachukua bodaboda mbili kuelekea njia ya Mkwaja. Mkonge wa zamani ulikuwa umegeuka msitu. Kambi ya wafanyakazi walikoishi zamani ilikuwa imebaki misingi tu. Lakini mahakama ya mwanzo ilikuwa pale pale, jengo la vyumba vitatu lenye baraza refu, na mbele yake watu wakisubiri kesi zao: watuhumiwa wa kuiba nazi, mama mmoja na jirani yake wakigombea mpaka wa shamba, polisi mmoja aliyevua kofia.

Karani wa masijala alikuwa dada kijana aitwaye Ritha, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali yasiyo na majibu.

"Namba ya shauri?"

"Sina," alisema Bertha.

"Tarehe ya hukumu?"

"Ni mwaka ule Precious alipoingia darasa la tatu."

"Mama, Precious simjui mimi."

"Elfu mbili na kumi na moja," alisema Rafaeli. "Masika. Barabara ilikuwa imekatika, hakimu alikuja kwa trekta."

"Hiyo ndiyo tarehe." Ritha akampa Bertha karatasi aandike barua ya maombi, akampa namba ya kulipia kwa simu, akaingia ndani. Alirudi na daftari kubwa lililoandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu: Talaka Zilizotolewa. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Mwaka huo mahakama hii ilitoa talaka chache sana. Ninyi hammo."

"Angalia tena."

"Nimeangalia kabla yake na baada yake. Hammo."

"Dada yangu, nilikuwa nimesimama pale ndani. Hakimu alisoma mwenyewe kwa mdomo wake."

"Sikatai. Huenda jalada lilipelekwa wilayani. Acheni barua, acheni namba ya simu. Wiki ijayo nitakuwa na jibu."

"Wiki ijayo binti yangu atakuwa ameshaolewa."

"Hongera," alisema Ritha, na alimaanisha. Lakini akalifunga daftari.

Bertha alitoka nje. Rafaeli alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza karibu na watuhumiwa wa nazi, na mmoja wao alikuwa akimuuliza yeye ameshitakiwa kwa nini. Bertha hakukaa. Alisimama akitazama upande wa pili wa barabara, kwenye duka lenye milango ya mbao ya buluu.

"Kulikuwa na wazee wa baraza," alisema.

"Eh?"

"Hakimu hakukaa peke yake. Alikaa na wazee wawili. Mmoja alikuwa mzee Mwinyijuma."

"Alishafariki."

"Mwingine ni yule pale."

Katika mahakama za mwanzo ndivyo ilivyokuwa: hakimu anakaa katikati, wazee wa baraza wawili wanakaa kando yake, raia wa kawaida wanaoaminika, na neno lao linahesabiwa pamoja na lake. Mwaka ule mmoja wao alikuwa Zainuddin, Mbohora mwenye duka, ambaye kambi nzima ilinunua kwake sukari, mafuta ya taa na sanda. Tangu siku ya hukumu Bertha hakuingia tena dukani kwake. Hata alipokutana naye Tanga mjini akinunua bidhaa za jumla, alihamia upande wa pili wa barabara, kwa sababu yule mzee alikuwa amesikia kila kitu: nani alilala wapi, nani alinuna siku ngapi, cherehani iliuzwa na nani bila kuulizwa mwenyewe.

"Mimi siendi," alisema Rafaeli.

"Hujaombwa," alisema Bertha, akavuka barabara. Rafaeli akamfuata.

Zainuddin alikuwa akichota maharage kutoka kwenye gunia. Alikuwa amepungua mwili, ndevu zimekuwa nyeupe zote, lakini kofia yake ya nakshi ya dhahabu ilikaa sawasawa kama zamani. Mkewe, Khatijabai, alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni ndogo ya sola.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba." Mzee akakaza macho. "Mama Precious! Khatijabai, tazama, mama Precious wa kambini. Na nyuma yake Rafaeli. Bado ananuna huyu?"

"Nimepunguza, mzee. Shikamoo," alisema Rafaeli.

"Marahaba, marahaba. Kaeni. Mtakunywa soda?"

"Mzee, tuna haraka," alisema Bertha. "Tumekuja kutafuta nakala ya talaka, na karani anasema haipo. Wewe ulikuwepo. Nakuomba uvuke nami umwambie kwamba uliisikiliza."

"Talaka ya nani?"

"Yetu sisi."

Zainuddin aliliacha kopo la kupimia ndani ya gunia. "Talaka gani? Ninyi hamkupewa talaka."

Khatijabai akazima feni ili asikie vizuri.

"Mzee," alisema Bertha taratibu, kama anayemsaidia mtu aliyeanza kusahau, "hakimu alisema ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Nakumbuka neno kwa neno."

"Alisema. Hayo yalikuwa maoni yake yeye. Maoni yangu uliyasikia?"

"Sikuyasikia."

"Ungeyasikia vipi? Ulikuwa umeshatolewa nje! Hakimu amefika kwenye neno 'imevunjika', wewe ukapiga vigelegele. Mahakamani! Askari akakushika mkono akakutoa, na wewe unapiga tu mpaka kwenye ngazi. Huyu naye akaondoka kwa mlango wa pili, hakuaga mtu. Hakimu akabaki anazisomea kuta."

"Kumbe hukumu ilikuwa bado?" aliuliza Rafaeli.

"Ilikuwa nusu. Hakimu mmoja, sisi wawili. Mimi nilisema sijaona ndoa iliyovunjika hapa. Mwinyijuma, Mungu amrehemu, akasema na yeye hajaiona. Wawili kwa mmoja. Hakimu hakufurahi, lakini sheria ni sheria, akaandika ombi limekataliwa, akapiga muhuri, tukaenda kula."

Bertha alishika ukingo wa kaunta. "Mbona hukutuambia? Mzee Zainuddin, miaka yote hii!"

"Niwaambie nini? Wewe ulikwenda kwenu, huyu akahama na kampuni ilipofungwa. Baadaye nikasikia mko Tanga, mnaishi pamoja. Nikamwambia Khatijabai, umeona, watu waungwana, wametii mahakama."

"Alisema hivyo kweli," alisema Khatijabai. "Alijisifu wiki nzima."

Rafaeli akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, kisha kwa sauti, kisha akalazimika kukaa juu ya gunia la maharage. Bertha hakucheka. Alikuwa ameshashuka ngazi za duka, na kutoka katikati ya barabara akaita, "Mzee, njoo! Njoo umwambie karani!"

Zainuddin alimwachia mkewe duka, akavuka na makubazi yake, na watu wote wa barazani wakasogea mlangoni kuona mzee wa baraza wa zamani amerudi kwa kesi gani.

"Binti," alimwambia Ritha, "usitafute kwenye talaka zilizotolewa. Tafuta kwenye mashauri yaliyofunguliwa."

Ritha alimtazama Bertha. "Nimetafuta talaka kwa sababu mmeomba talaka."

"Na mimi nimeomba talaka kwa sababu nilidhani ninayo," alisema Bertha. "Tafuta, mwanangu, tafadhali."

Ritha alirudi ndani. Walisikia kabati la chuma likifunguliwa, kikohozi cha vumbi, kabati likifungwa, jingine likifunguliwa. Bertha alikuwa akikunja na kukunjua pindo la khanga yake. Ndani ya ukumbi hakimu wa sasa alisikika akiwauliza mashahidi wa nazi kama waliziona nazi zenyewe au walihadithiwa. Kisha Ritha akatokea na jalada la karatasi ngumu lililoliwa pembe na mende, amelishika kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa tena wa kikarani.

"Bertha, mdai. Rafaeli, mdaiwa."

"Ndiyo sisi!"

"Hukumu ipo. Niwasomee?"

"Soma," walisema wote, pamoja na mama wa mpaka wa shamba na jirani yake.

Ritha alisoma maoni ya hakimu, marefu, yenye vifungu vya sheria. Kisha akasita, akabana midomo. "'Mdai anapiga vigelegele. Mahakama inamwonya. Mdai anaendelea. Anatolewa nje. Mdaiwa ameondoka bila ruhusa.'" Hapo sauti ilimkatika, na ikabidi ajifute macho kwa mkono wa blauzi. Polisi aliyevua kofia aliivaa tena ili afunike uso wake. "'Mzee wa baraza wa kwanza: Mdaiwa hampigi mdai, hana mwanamke mwingine, mshahara analeta nyumbani. Aliuza cherehani na hilo ni kosa, anunue nyingine. Lililobaki ni kununa. Kununa hakuvunji ndoa. Mzee wa baraza wa pili: Naungana naye. Kwa wingi wa kura, ombi la talaka limekataliwa.'"

"Cherehani nilinunua," alisema Rafaeli kwa haraka.

"Haya, hiyo ni nje ya jalada," alisema Ritha.

"Dada, kwa hiyo huyu na mimi ni nani?" aliuliza Rafaeli.

"Ni mke wako."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipooana. Hapa katikati hakukutokea kitu."

Bertha aliomba aone mwenyewe. Alisoma mistari ya mwisho akiifuata kwa kidole, akairudia, akatazama muhuri, akatazama sahihi tatu. Zainuddin akamwonyesha ya kwake, yenye mkia mrefu. Ilikuwa pale.

"Nataka nakala," alisema Bertha. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Nataka yenye muhuri wa kuthibitisha, kurasa zote, na ile ya vigelegele isiachwe."

Umeme haukuwepo. Ritha alimpigia simu mwenye steshenari ya barabarani, ambaye alikuwa na mashine ya kutoa nakala inayotumia jua, na Rafaeli, mlinzi wa miaka mingi aliyezoea kusimama mahali pamoja, akakimbia na polisi nyuma yake, kwa sababu jalada la mahakama haliruhusiwi kutoka bila askari. Watu wa kijiji walioona mzee akikimbizana na polisi huku akicheka hawakuelewa kitu. Hakimu aliahirisha kesi ya nazi kwa muda mfupi, akatoka barazani, akalinganisha nakala na jalada ukurasa kwa ukurasa, akagonga muhuri, akasaini.

"Mnataka kukata rufaa?" aliuliza, kwa sura isiyo na utani wowote.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Bertha. "Tumeridhika."

Juu ya pantoni walisimama kwenye chuma cha pembeni. Bahasha ilikuwa ndani ya blauzi ya Bertha. Rafaeli alikuwa akiyatazama maji tu, uso ameukunja.

"Umenuna?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Baba yako alinitoza mahari upya ili akurudishe. Mbuzi, blanketi, na zile za mkononi. Nimelipia mke wangu mwenyewe."

"Kamdai kaburini." Kisha Bertha akamgeukia kabisa. "Na wewe. Nilipokuwa kwetu, si ulikwenda Kigombe kuchumbia?"

"Nani kasema?"

"Tabea kasema."

"Nilikwenda kutazama shamba."

"Shamba lenye mama yake na wajomba zake. Ulikwenda kuchumbia ukiwa na mke, Rafaeli. Hilo mzee Zainuddin hakulijua, angepiga kura nyingine."

Wenye mbuzi walikuwa wanasikiliza bila kujificha. Rafaeli akacheka, na Bertha akacheka pia, lakini kicheko chake kilikatika katikati, akashika chuma kwa mikono miwili.

"Nilikaa nyuma bure," alisema.

Rafaeli alisogea upande ule uliokuwa na jua ili mkewe awe kivulini, wakabaki hivyo mpaka pantoni ilipogusa ng'ambo.

Ijumaa saa nne Lucas alisoma nakala kurasa zote bila kuvua miwani. Binti wa mihuri aliacha kazi, akaja kusimama nyuma ya kiti chake akisoma juu ya bega lake.

"Siwezi kuwafungisha," alisema Lucas hatimaye.

"Tunajua," alisema Bertha.

"Ni kazi ya miaka mingi hii, sijawahi kumkatalia mtu kwa sababu hiyo." Alitoka nje yeye mwenyewe, akalibandua tangazo lao ubaoni, akarudi nalo mkononi. "Cheti chenu cha zamani kipo?"

"Kipo sandukuni."

"Kitunzeni, hicho ndicho chenu. Mzee, mpe mkeo mkono basi, watu wasiseme mmekuja bure."

Rafaeli akampa mkono. Benchi la wachumba likapiga makofi.

Kutoka bomani walipita nyumbani, wakatoa cheti sandukuni kimyakimya, wakaenda nacho kwa mchungaji pamoja na nakala. Mchungaji alikuwa mtu wa taratibu. Alisoma mwanzo hadi mwisho, akacheka mahali pamoja tu, kisha akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Mama Precious, mimi ndiye niliyekwambia ubaki umekaa."

"Mimi ndiye niliyekwambia nimeachwa, mchungaji."

"Sasa hakuna cha kubariki leo jioni. Kesho ingieni na binti yenu, mbele, na mezani mje nyote." Akairudisha nakala kwenye bahasha. "Na Jumapili uje tena, hata kama harusi imeisha."

"Nitakuja," alisema Bertha. "Baba Precious naye atabadilisha zamu."

Walipofika Mabawa wali wa nazi ulikuwa umeshaiva, kwa kuwa ndugu walishaambiwa kuna ndoa ndogo kabla ya ile kubwa. Watu walijaa chini ya turubai mpaka barabarani. Precious alitoka mbio na nywele zimesukwa upande mmoja tu, Tabea akamfuata akiwa ameshavaa gauni la zambarau, la kujaribu, alisema, aone kama halijambana.

"Mmefunga?" aliuliza Precious.

"Hatukufunga," alisema Rafaeli.

"Baba!"

"Msajili amekataa," alisema Bertha. Alisimama mbele ya ndugu wote, jasho likimtiririka, bahasha mkononi, na hakuna aliyewahi kumwona amesimama wima namna ile. "Amekataa kwa sababu mahakama ilitunyima talaka. Hatujaachana hata siku moja. Kesho mimi na baba yako tunakuingiza, na mchungaji ameshasema."

Precious alimrukia mama yake, nywele za upande usiosukwa zikamfunika uso. Chini ya turubai kila mtu alianza kumuuliza jirani yake kile ambacho wote walikuwa wamekisikia. Tabea aliutazama upindo wa gauni lake, akayatazama masufuria, akamtazama wifi yake.

"Ngoja, ngoja kwanza. Kama hamkuachana, na leo hamkuoana, huu wali tunaulia nini?"

"Tumenyimwa talaka, wifi," alisema Bertha. "Kaeni mle."